Sheria ya Tundu Moja

Mpishi mkuu wa nyumba ile ya kuuguzia aliitwa Mama Kidole, na aliyempa jina hilo hakukosea. Kwa miaka ishirini na minne hakuna kuku aliyetoka kwenye oveni yake bila kubonyezwa pajani kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Alikuwa akivuta trei nusu, anabonyeza, anainamisha kichwa kama mtu aliyesikia hodi na hana hakika ni mlango gani, kisha anatoa hukumu. "Bado." Au, "Dakika kumi." Au, "Toa." Akisema toa, unatoa, hata kama saa ya ukutani ilikuwa na maoni yake.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vitanda ishirini na viwili. Waliolala humo walikuwa wameshatoka hospitali lakini hawajaweza kurudi kwao: waliovunjika nyonga, waliopasuliwa tumbo, waliokonda kwa homa ndefu hata suruali zikawa zinafungwa kwa kamba. Watu wa aina hiyo huwezi kuwapa chakula cha kubahatisha. Mtu mzima mwenye nguvu zake akila kuku mbichi ataugua tumbo siku tatu, atalalamika, atapona. Hawa wa vitanda ishirini na viwili hawakuwa na siku tatu za kuchezea, na Mama Kidole alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana Alhamisi, siku ya kuku wa kuoka, alikuwa hapendi mtu amwongeleshe kuanzia saa nne asubuhi.

Sasa nikupe siri yake, kwa kuwa bila hiyo huwezi kumwelewa. Kidole kilikuwa kimekufa.

Ilianza miezi sita nyuma. Alhamisi moja alisikia harufu ya ngozi inayoungua, akamgeukia msaidizi wake, mwanamke mmoja mwembamba wanayemwita Chapuchapu, akamkaripia kwamba anaunguza kuku wa juu. Chapuchapu akatazama, hakuona kuku aliyeungua. Mama Kidole naye akatazama, ndipo alipoona kwamba vidole vyake mwenyewe vimeegemea chuma cha oveni, vimetulia hapo kana kwamba vimeegemea ukingo wa dirisha. Hakuwa amehisi kitu. Alivitoa polepole, akavificha kwenye aproni, akasema, "Basi, nimekosea, ni mafuta."

Nyumbani mumewe, fundi viatu, mtu wa maneno machache, aliushika mkono ule akauelekeza kwenye mwanga.

"Hii nayo?"

"Mafuta yameruka."

"Mafuta gani yanayochora mstari ulionyooka namna hii?"

Mumewe akaleta dawa ya kupaka, na asubuhi yake akafunga kibanda chake akampeleka kwa daktari. Daktari alimgusa vidole kwa uzi, kwa pini, kwa kijiko cha baridi, huku Mama Kidole amefumba macho. Akasema ni sukari, ile aliyoishi nayo miaka kumi akijifanya haipo. Mishipa ya fahamu imechoka. Akijitunza haitazidi, lakini iliyokwenda imekwenda.

Mtu anayeitwa Mama Kidole afanye nini bila kidole? Kwa miezi sita alifanya wanachofanya wengi waliobanwa: alijikaza. Alhamisi ikifika anavuta trei, anabonyeza, anainamisha kichwa, na hasikii kitu, sawa na kubonyeza meza. Halafu anasema "Bado," na anaendelea kusema "Bado" mpaka kuku wamekauka, kwa sababu kuku mkavu hajamuua mtu. Kulikuwa na mgonjwa mmoja, dereva wa malori mstaafu, mguu wake uko kwenye plasta, ambaye hakujua kunyamaza. "Mama Kidole," alimwambia mbele ya watu, "kuku wako siku hizi wanakufa mara mbili." Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheka nao, lakini alirudi jikoni akasimama mbele ya sinki akiwa ameumia.

Aliogopa kumdhuru mtu, na aliogopa kuondolewa jikoni. Mchana woga wa kwanza ndio uliomtawala. Akifika nyumbani na kuvua viatu, wa pili ndio uliomkaa rohoni.

Basi siku Sista mkuu alipoingia jikoni na kipimajoto chenye ncha kama ya sindano mkononi, Mama Kidole alisema neno moja mdomoni na jingine moyoni. Sista alikuwa mwanamke mrefu, mnyoofu, mwenye sauti ya kuomba lakini haombi. Alisema, "Kuanzia Alhamisi hii, kuku hatoki humu mpaka namba yake iwe ubaoni. Nyuzi sabini na nne au zaidi. Kila kuku na namba yake."

"Sindano ni za wodini, Sista," Mama Kidole akajibu. "Kuku wangu hawaumwi."

Chapuchapu alicheka mpaka akaweka upawa chini. Sista hakucheka. Aliacha kipimajoto mezani pamoja na karatasi yake ya maelezo, akaenda zake. Ungemtafuta Mama Kidole dakika tano baadaye, ungemkuta stoo, amekaa juu ya gunia la mchele, miwani puani, anaisoma nusu ya juu ya karatasi ile kwa mara ya pili. Alikuwa na furaha ambayo hakuweza kumwonyesha mtu. Hiki kitu kitamsomea kile ambacho kidole hakimwambii tena, na hakuna atakayejua.

Tatizo lake ni kwamba alikuwa mtu wa kujiamini, na mtu wa kujiamini hasomi karatasi mpaka mwisho. Alhamisi ya kwanza alimchoma kuku kipimajoto, akamrudisha kwenye oveni nacho kikiwa kifuani, akafunga mlango, akajipangusa mikono. Baada ya robo saa jiko lote lilinuka ndoo ya plastiki iliyoungua. Kichwa cha kipimajoto kilikuwa kimejikunja, kimelala juu ya kidari, na kioo chake hakikuwa na namba yoyote. Kuku yule alitupwa mzima. Siku hiyo waliobaki walikauka kama kawaida.

Sista alileta kingine bila kumsema. Alichofanya ni kusimama naye siku iliyofuata na kumfundisha polepole. Vipo vya kukaa ndani ya oveni, vya chuma kitupu, lakini hiki si cha namna hiyo. Hiki ni cha kuchoma na kuchomoa. Asubuhi kitumbukize kwenye kikombe cha maji yenye barafu tele. Kisiposoma sifuri, usikiamini siku hiyo. Usiingize mkono ndani ya oveni kupima: vuta trei yote, iweke mezani, funga mlango wa oveni, shika kwa kitambaa kikavu. Ncha iingie kwenye nyama nene ya paja, na kwenye kidari pia, isiguse mfupa. Subiri namba isimame. Kikitoka kwa kuku mmoja, kioshe kwa maji ya moto na sabuni kabla hujamchoma mwingine.

"Umeelewa?"

"Sista, mimi nimeoka kuku tangu wewe unafundishwa kufunga vifungo."

"Najua. Nauliza kama umeelewa."

"Nimeelewa."

Na kweli alikuwa ameelewa, isipokuwa sehemu moja, na sehemu hiyo haikutokana na ujinga bali na utii. Inabidi nikueleze.

Mama Kidole alijifunza kupika kwa mama mkwe wake. Alipoolewa, miaka thelathini na minne iliyopita, alikuwa hajui hata kumwosha kuku. Mama mkwe alikuwa mpishi wa bweni la shule, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mchukuzi, na alimpokea mkwewe kama mtu aliyepewa kazi: alimfunga aproni, akamsimamisha jikoni. Ndiye aliyemfundisha kubonyeza kwa kidole. Ndiye aliyempa pia sheria moja ambayo haikuruhusu swali. "Kuku hutobolewa mara moja tu," alimwambia. "Hapa, kwenye kunjo la paja na mbavu, kwa kijiti cha chuma, uone rangi ya maji yake. Ukimtoboa mara ya pili umemmwaga."

Mama Kidole aliishika sheria ile kuliko alivyoshika tarehe ya ndoa yake. Wasaidizi wote waliopita mikononi mwake aliwafundisha hivyo, na wao wakafundisha wengine, mpaka ikawa sheria ya jiko zima. Kwa hiyo kipimajoto kilipokuja, hakuwa na la kufikiri. Tundu lipo tayari, kijiti kimeshalitoboa katikati ya muda wa kuoka. Kipimajoto kipite humohumo.

"Mama," Chapuchapu alisema Alhamisi ya pili, "Sista si alisema kwenye nyama nene?"

"Na hapa ni wapi? Sikioni?"

Chapuchapu alikuwa amefanya naye kazi miaka minane, akajua wakati wa kunyamaza.

Namba zilizotoka zilikuwa nzuri kupita kiasi. Themanini na mbili. Themanini na tano. Themanini na sita. Mama Kidole aliziandika ubaoni kwa chaki, kwa mwandiko mkubwa. Na kwa kuwa zilikuwa juu sana, akaona kwa nini aendelee kuwatesa kuku, akapunguza muda kwa robo saa. Siku hiyo walitoka laini, wenye maji yao, na Dereva alikula mpaka akalamba mfupa. "Sasa umerudi," alimwambia. Mama Kidole alirudi nyumbani usoni kumechangamka, akamwambia mumewe mambo yote yamekaa sawa. Aliamini hivyo.

Alhamisi ya tatu kuku waliletwa wanane, wawili kati yao wakubwa mno, tena wamechelewa kutolewa kwenye friji la kugandishia. Mama Kidole aliwaosha, akawapaka viungo nje na ndani, mkono wake wa kulia ukaingia tumboni mwa wale wawili mpaka kwenye kifundo. Ndani, karibu na uti, kulikuwa bado na barafu. Mkono ule haukumwambia.

Ilipofika saa sita na nusu namba zilikuwa ubaoni, zote nane, zote zimepita themanini. Aliwaambia waanze kupakua. Mmoja wa wale wakubwa alibaki ndani ya oveni kwenye moto mdogo, akingoja zamu ya wafanyakazi. Wale wengine saba Chapuchapu aliwakata kwa mkono wake mwepesi, sahani zikajaa kwenye toroli.

Desturi ya nyumba ile ilikuwa hivi: ukumbini watu hunywa supu kwanza, taratibu, na sahani za nyama husubiri zimefunikwa mbele yao. Wa vyumbani, wasioweza kutembea, hupelekewa vyote pamoja. Na chumba namba nne alilala mtu ambaye supu hakuitaka kabisa, aliiita maji yenye chumvi, akaanzia kwenye kuku moja kwa moja. Mtu huyo alikuwa mama mkwe mwenyewe. Alikuwa ameteleza bafuni miezi miwili kabla, akavunjika nyonga, na sasa akiwa na miaka themanini na kitu alikuwa akila chakula cha mkwewe kila siku na kukitolea maoni. Sahani yake ilikuwa na paja kubwa kuliko yote, kwa haki ya ukubwa wake.

Chapuchapu alirudi jikoni mbio kuliko jina lake.

"Mama mkwe wako anakuita. Amesema uje na mikono yote miwili."

Mama Kidole alikwenda. Bibi alikuwa ameketi kitandani, mito mgongoni, sahani mapajani. Hakuwa amekula. Alikuwa amelikunjua paja kwenye kiungo chake kwa uma, akaligeuzia upande wa mlango ili anayeingia aone. Nyama iliyoshikana na mfupa ilikuwa inang'aa, imelegea, nyekundu, na ukiisogelea uliona kwamba haikuwa hata na joto.

"Mimi nimekula chumvi nyingi," bibi alisema, "lakini kuku huyu bado anaweza kunijibu."

Kutoka chumba namba nne mpaka ukumbini ni hatua kama thelathini, na katika hatua za mwanzo alifikiria uongo. Angeweza kusema mchuzi umesahaulika, akakusanya sahani kwa tabasamu. Ubao wake ungebaki msafi, jina lake pia. Lakini uongo wa namna hiyo unahitaji kuzunguka meza moja moja kwa upole, na supu ilikuwa inaisha. Alianza kukimbia, mwanamke wa miaka hamsini na minne mwenye kandambili za jikoni, na alipofika mlangoni Dereva alikuwa ameshafunua sahani, uma umeingia kwenye nyama.

"Dereva, weka uma chini."

"Mama Kidole, mimi huyu nimemngoja wiki nzima."

"Utamngoja nusu saa tena. Msile kuku, nyote. Hajaiva. Kosa ni langu, si la mtu mwingine. Endeleeni na supu, ipo ya kuongeza."

Aliyasema kwa sauti ileile ya "Toa," na kwa hiyo walitii. Uma ulirudi mezani. Chapuchapu alikuwa ameshakimbilia vyumbani bila kutumwa. Walihesabu sahani mbele ya dirisha la kupakulia, wakazihesabu tena. Ishirini na mbili, hakuna nyama iliyoliwa; mama wa chumba namba mbili alikuwa amekula wali tu, kijiko kimoja, wa pembeni. Mama Kidole alishika ukingo wa meza. Alipogeuka, Sista alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ubaoni umeandika themanini na tano," Sista alisema.

"Ndivyo kilivyosoma. Sijaandika uongo."

"Nionyeshe."

Mama Kidole alimtoa yule kuku mkubwa aliyebaki, akaweka trei mezani, akafunga oveni, yote kama alivyofundishwa. Akakipitisha kipimajoto kwenye tundu la kijiti. Themanini na moja. Akamtazama Sista kwa jicho la mtu aliyesingiziwa. Sista alikichukua, akakiosha, akakikausha, kisha akakichoma vidole viwili pembeni ya tundu, kwenye unene wenyewe wa paja. Namba ilipanda, ikapunguza mwendo, ikasimama. Hamsini na nane.



"Tundu lako limetokea tumboni," Sista alisema. "Humo kuna mvuke na mafuta yanayochemka, na ncha inasugua mfupa. Umepima hivyo. Nyama hujaipima hata mara moja."

Mama Kidole alikichukua kipimajoto mkononi mwake, akakiosha, akachoma mahali pa tatu, kidarini. Sitini na moja. Alirudia tena upande wa pili, kwa ukaidi tu, akapata hamsini na saba. Kisha akaanza kutoa amri, kwa kuwa kulikuwa na watu ishirini na wawili wenye njaa na aibu ingesubiri. Vipande vyote vikarudi kwenye trei ya kina, supu kidogo chini, mfuniko juu, moto ukapandishwa. Visu, ubao wa kukatia na sahani vikaoshwa upya kwa maji yanayounguza, na kuoshwa huko alikusimamia Chapuchapu, kwa sababu Mama Kidole aliambiwa na Sista asitie mkono. Aliambiwa kwa sababu Sista alikuwa amemwona akishika bomba la maji ya moto bila kushtuka.

"Ulipowapaka viungo ndani," Sista alimuuliza taratibu, "hukusikia barafu?"

Angeweza kusema hapana, haikuwapo. Alikiweka kiganja chake mezani, kimefunuka.

"Mkono huu hausikii, Sista. Ni mwezi wa sita sasa. Nimekuficha. Nimewaficha wote."

Alisema na machozi yakamtoka, na hakuyafuta, maana mikono haikuwa misafi. Aliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yake. Sista aliutazama mkono, akaona makovu ya miezi sita, moja juu ya jingine. Akasema, "Tumalize chakula kwanza." Basi walimaliza. Kila kipande kinene kilichomwa, kila namba ikaandikwa, na hakuna kilichotoka chini ya sabini na nne. Dereva alikula akasema subira ina ladha yake, halafu akaomba kingine.

Baada ya hapo Sista alimwambia waende pamoja chumba namba nne. Alitaka kumwona huyo mwenye sheria.

"Sheria gani?" bibi aliuliza. Sahani yake ya pili ilikuwa tupu.

"Ya tundu moja, mama," Mama Kidole alisema. "Kwamba kuku hutobolewa mara moja."

Bibi akaanza kucheka, akashika nyonga yake kwa maumivu, akaendelea kucheka.

"Bado unaishika hiyo?"

"Si ulinipa wewe?"

"Nilikupa wewe. Wewe peke yako, mwanangu. Sikumpa mtu mwingine." Alimgeukia Sista. "Alipokuja kwangu alikuwa na woga huyu, hujapata kuona. Kuku akiwa kwenye oveni anamchoma, anamtazama, anamchoma, mara ishirini, mara thelathini. Anatoka kuku kama chujio. Mumewe akiwa mezani ananiuliza, mama, huyu amechinjwa au amepigwa risasi? Nikaona nikimwambia binti wa watu ajiamini, hataelewa. Nikamtungia sheria. Tundu moja, basi. Mengine aulize kidole chake."

"Na wewe mwenyewe je?" Mama Kidole aliuliza.

"Mimi? Nilikuwa natoboa nikitaka."

"Miaka thelathini na minne, mama."

"Mbona hukuuliza?"

Mama Kidole alikaa kwenye kiti cha wageni. Alitaka kukasirika na akashindwa. Alijiona yule binti wa miaka ishirini mbele ya oveni, kijiti mkononi, na mwanamke huyu nyuma yake anamtungia uongo wa kumsaidia kusimama. Alicheka huku bado analia. Bibi alinyoosha mkono akauchukua ule wa kulia, akaubonyeza kwenye ncha ya kila kidole, mmoja mmoja, akimtazama usoni. Usoni hakukuwa na jibu.

"Basi hicho kimefanya kazi yake," bibi alisema. "Sasa toboa."

Sista alikuwa bado amesimama mlangoni. "Ungeniambia mwezi wa kwanza," alisema, "ningekuletea glavu mwezi wa kwanza. Ndefu, za kufika kiwikoni. Kuanzia kesho huingizi mkono popote penye moto bila hizo. Chapuchapu ndiye atakayegusa ndani ya kila kuku kama ameyeyuka. Na kliniki utakwenda kila mwezi, utaniletea kadi niione."

Mama Kidole alisubiri. Aliona hayajaisha, kwamba lile kubwa linakuja nyuma.

"Na jikoni?" aliuliza mwenyewe.

"Jikoni kufanyeje?" Sista alisema. "Leo umewazuia watu ishirini na wawili kula, wote wana njaa, na hakuna aliyebisha. Nikimtafuta mwingine wa kufanya hivyo nitampata wapi?"

Akaondoka, viatu vyake vikilia sakafuni.

Alhamisi iliyofuata asubuhi, kabla ya kuwasha oveni, Mama Kidole aliwaita wote wa jikoni kwenye ubao. Aliwaonyesha kikombe cha barafu na sifuri yake. Aliwaambia sheria ya tundu moja imekwisha, akawaambia na sababu, hata ile ya kuku kama chujio, na ya mkono wake pia. Aliwaambia bila kuinamisha macho. Chapuchapu aliuliza sasa wamwite nani, na yeye akasema jina likae hapohapo, walishalizoea wote.

Saa saba kasoro alipeleka sahani ya chumba namba nne mwenyewe, na glavu zake kwapani. Bibi alivaa miwani, akaligeuza paja upande huu na upande ule, akapitisha uma juu ya ngozi.

"Matundu matatu," alisema.

"Matatu, mama. Paja mara mbili, kidari mara moja. Sabini na tisa."

Bibi alikata kipande karibu na mfupa, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakitia mdomoni. Alitafuna kwa muda mrefu, kama anavyofanya siku zote, mkwewe amesimama pale anangoja hukumu.

"Kaa," bibi akasema, akamsogezea sahani. "Na wewe ule."